Mwili wako haujazowea dawa, bi mkubwa

Basi naandika, maana kujibu kwa mdomo kumenichosha. "Mwanangu, mwili wangu ushaizowea ampisilini." Jamani! Ini na figo zako zinaishughulikia ampisilini leo vilevile kama mara ya kwanza. Mwenye usugu, yaani asiyeuawa tena na dawa, ni stafilokokasi, bakteria aliyemo ndani ya jipu.

Anayenikera zaidi ni yule wa pili: "Mimi siku zote simezi antibaiotiki, bakteria wangu hawana usugu." Anadhani usugu lazima uanzie kwake. Jeni ya blaZ, itengenezayo kimeng'enya cha kuivunja penisilini, mara nyingi imo kwenye plasmidi, kijiduara cha DNA kilicho pembeni ya DNA kuu ya bakteria, na plasmidi hutembea kama uvumi wa barazani: aliyekupa bado anao. Mara nyingi faji, kirusi cha bakteria, ndiye anayeibeba, kwa makosa. Plasmidi kubwa kama pSK41 hujipitisha zenyewe, seli kwa seli. Hata epidamidisi, stafilokokasi mpole wa ngozini, huwa ghala la jeni hizo. Na kiasi cha watu 3 kati ya 10 wana aureusi, stafilokokasi wa majipu, puani wala hawaumwi. Kwa hiyo usugu uliolelewa na dawa za jirani unaweza kukufikia kwa mkono wa salamu tu.

Wenzangu wa maabara, msicheke. Nyinyi mkishaijua plasmidi, kila kitu mnaitupia yeye. MRSA, yaani aureusi sugu kwa methisilini? Jeni yake, mecA, imo kwenye kromosomu, ile DNA kuu, ndani ya kipande cha SCCmec, nayo haivunji dawa yoyote. Inaleta protini mpya ambayo penisilini na jamaa zake hawaishiki vizuri. Methisilini, jamaa ya penisilini, ilitengenezwa makusudi isivunjwe na kimeng'enya cha blaZ. Ilianza kutumika 1959. Kufika 1961 usugu wake usharipotiwa Uingereza. Njia mbili mbalimbali hizo, msizichanganye kwenye ripoti!

Ila disiki, kile kikaratasi chenye dawa tunachoweka juu ya sahani ya bakteria, nayo haisemi jeni iko wapi. Ukingo wa duara lisilo na bakteria kuzunguka disiki ya penisilini ukiwa mkali, nasema kimeng'enya kipo. Lakini blaZ hukaa kwenye kromosomu pia, na ukali wenyewe tunausoma kwa macho. Mimi na mwenzangu tumeshabishana sana juu ya sahani moja.

Na nyie mnaofungua kapsuli ya tetrasaiklini mkamwaga unga kidondani: kuna kiplasmidi kiitwacho pT181, kina pampu ya tetK inayoitoa dawa hiyo nje ya seli. Mnawaua wasio nacho, mnawaachia nafasi walio nacho. Jipu lipasuliwe na mtaalamu, usaha utoke. Halafu huo usaha nileteeni mimi.