Engaruka, ambako tope lilikuwa mali

Kazi yangu ni kuchora mifereji ya umwagiliaji, na kwa miaka mingi adui yangu amekuwa tope. Katika skimu moja niliyoisimamia, kila masika yakiisha tuliingia mferejini na sepetu, wakulima pamoja nasi, kuzoa mchanga uliopita kwenye banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini. Msimu mwingine ukija, umejaa tena. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipofika kwenye magofu ya Engaruka nilisimama mbele ya ukuta wa mawe usiofika hata magoti, nikashindwa kuondoka.

Engaruka iko wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ukitoka Mto wa Mbu kuelekea Oldonyo Lengai. Ni nchi kavu. Mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 500. Hata hivyo, kati ya karne ya 15 na ya 18 palilimwa hapo takribani hekta 2,000, kwa maji ya Mto Engaruka na vijito vingine vinavyoshuka kutoka juu. Nyumba zilijengwa mteremkoni, kwenye matuta ya mawe, bondeni pakabaki mashamba. Walilima mtama, na punje zake zilizoungua zimefukuliwa magofuni.

Turudi kwenye ule ukuta. Mawe yamepangwa makavu, bila chokaa wala saruji. Inama utazame: upande wa juu udongo umejaa karibu usawa wa jiwe la mwisho, upande wa chini ukuta uko wazi. Wanaakiolojia waliochimba mashamba ya kaskazini walikuta udongo wenyewe umeletwa na maji, tabaka juu ya tabaka. Yaani wale watu walikuwa wanautega! Maji ya tope yakikutana na ukuta hupunguza mwendo. Mchanga mzito hutua kwanza, tope laini baadaye, na yanayobaki hujipenyeza katikati ya mawe kushukia kitalu, yaani kipande cha shamba, kinachofuata. Kitalu kikijaa, unaongeza safu ya mawe. Mahali palipokuwa na kokoto tupu panageuka shamba tambarare.

Hilo haliwezekani bila mfereji uliopimwa vizuri. Mteremko ukizidi, maji yanakula kingo. Ukipungua, tope linatua njiani kabla ya kufika shambani. Sisi tuna pima maji na darubini za upimaji, na bado tunakosea. Nadhani wao walipimia maji yenyewe: unachimba hatua chache, unafungulia, unatazama yanavyokwenda, ndipo unaendelea.

Kwa nini waliondoka? Watafiti wengi wanataja kupungua kwa maji mitoni. Wapo wanaosema ardhi ilichoka, lakini hoja hiyo peke yake hainitoshi, maana kitalu kinacholetewa udongo mpya na mafuriko hakichoki upesi. Maji yakipungua, tope nalo halifiki, na hapo mfumo mzima unakwama. Wakazi wa leo bado wanamwagilia kwa mto uleule, mahindi na migomba.

Tangu safari ile, kabla sijachora banio lolote nauliza tope la mto huo litalala wapi. Katika mchoro wangu wa mwisho, vitalu viwili vya juu nimevizungushia kingo za mawe makavu, na mfereji unaanza chini yake.