Muuguzi aliyeketi si upotevu

Kila ninapoitwa hospitali kusaidia kupunguza foleni, kabla hata sijafika mapokezi nishaelezwa tatizo: wafanyakazi wana nafasi. Kuna muuguzi alionekana ameketi saa 8 mchana. Kuna mtu wa maabara alikutwa anapiga soga huku mashine inazunguka. Kwa imani hiyo, Kaizen, mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, ni kuhakikisha kila mtu ana kazi mkononi tangu anapoingia zamu hadi anapotoka. Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, safari hii na mtu mwenye cheti cha mafunzo, ambaye makabati ya wodi zake yote yamebandikwa lebo za S tano, utaratibu wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi. Naandika kwa sababu imani hii inawaumiza wagonjwa, na inawaumiza kwa jina la kazi ninayoipenda.

Haikutoka hewani. Taiichi Ohno, mhandisi aliyejenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota, alipoorodhesha aina saba za upotevu, kusubiri kumo, na alimkusudia pia mfanyakazi anayesimama kuitazama mashine. Wengi wakifika hapo wanafunga kitabu. Lakini upotevu alioupinga kuliko wote ni kuzalisha kupita kiasi, au kuzalisha kabla ya wakati, maana ndio unaozaa mingine. Ikiwa hatua inayofuata haijahitaji kitu kutoka kwako, unasimama. Ukiendelea kutengeneza ili uonekane una shughuli, unarundika vitu mbele yako na kuficha kasoro. Ukisimama, kila mtu anaona mahali pa kurekebisha.

Sasa tufuate chupa za damu za asubuhi. Muuguzi wa zamu ya usiku anaanza kutoa damu saa 11 alfajiri, wodi nzima. Anazipanga kwenye trei na kungoja trei ijae ndipo mhudumu azipeleke maabara, kwa sababu tumemfundisha kwamba kwenda maabara mara nne ni kupoteza nguvu kazi. Wodi zote zinafanya hivyo hivyo. Maabara saa 2 inapokea chupa za hospitali nzima kwa mpigo mmoja. Raundi inaanza saa 3 na majibu hayapo. Daktari anaandika "asubiri majibu" kwenye faili la mgonjwa ambaye ukimtazama tu unajua ni wa kwenda nyumbani, kisha anasogea kitanda kinachofuata. Majibu yanatoka saa 5, daktari yuko thieta. Ruhusa inaandikwa saa 9. Famasi inapokea karatasi za dawa za kwenda nazo nyumbani kutoka wodi zote ndani ya saa moja. Kitanda kinakuwa wazi saa 12 jioni. Wakati huo mgonjwa wa dharura aliyeamuliwa kulazwa saa 4 asubuhi ameshinda kutwa juu ya machela kwenye korido.

Rudi nyuma uitafute hatua ambayo mtu alikuwa amekaa bure. Haipo. Muuguzi alikuwa mbioni, maabara walikuwa mbioni, famasi walikuwa mbioni. Aliyesubiri ni mgonjwa, na jedwali la utendaji wa wafanyakazi halina safu yake.

Dawa yake inajulikana. Mhudumu apite kila nusu saa hata kama trei ina chupa mbili. Wanaotarajiwa kuruhusiwa siku hiyo watolewe damu kwanza, na chupa zao ziwe na alama ambayo maabara wanaitambua. Ndiyo, mhudumu atatembea zaidi, na kati ya safari moja na nyingine atakaa. Acheni akae. Sentrifuji, mashine ya kuzungusha chupa za damu, nayo itazunguka ikiwa na chupa sita wakati ina nafasi ya ishirini na nne, na wakuu wa maabara wanalichukia jambo hili kwa dhati, maana wamepimwa miaka yote kwa idadi ya vipimo kwa kila mzunguko. Siwalaumu wao. Namlaumu anayewapima.

Hesabu yake haina ubishi mkubwa. Chukua mtoa huduma mmoja: wagonjwa wanafika bila mpangilio, kila mmoja anachukua wastani wa dakika 10, wengine muda mfupi na wengine mrefu. Katika modeli ya kawaida kabisa ya foleni, mtoa huduma huyo akiwa na kazi kwa 80% ya muda wake, mgonjwa husubiri wastani wa dakika 40 kabla ya kuitwa. Mpandishe hadi 90%, inakuwa dakika 90. Mpandishe hadi 95%, ni dakika 190. Umejibanza hadi ukapata 15% ya muda wa mtumishi mmoja, na kila mgonjwa ameulipia kwa saa mbili na nusu. Barabara ikijaa magari pomoni, hakuna linalosogea, na hakuna anayeisifu kwa kutumika vizuri.

Kinachoikuza foleni hapo ni kubana pamoja na kutotabirika. Hatuwezi kumpangia mtu siku ya kuvunjika mguu. Lakini sehemu kubwa ya kupanda na kushuka kwa kazi hospitalini tunaitengeneza wenyewe, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Eugene Litvak, mtafiti wa mtiririko wa wagonjwa hospitalini, ameeleza kwa miaka mingi kwamba upasuaji wa kupangwa, ambao ratiba yake iko mikononi mwetu, mara nyingi hupanda na kushuka kuliko hata dharura. Mabingwa wakirundika kesi kubwa siku mbili za mwanzo wa juma, katikati ya juma chumba cha wagonjwa mahututi kinafurika, kesi zinaahirishwa, wauguzi wanaitwa zamu za ziada, na mwisho wa juma vitanda viko wazi. Kisha inaandikwa barua ya kuomba vitanda vipya. Sambaza kesi hizo siku tano, na barua nyingi za namna hiyo hazitakuwa na haja. Ila kusambaza kunagusa kalenda ya bingwa, na kalenda ya bingwa haiguswi, kwa hiyo kikao kinakimbilia ratiba ya wauguzi, kwa sababu huko hakuna wa kukataa.

S tano na kadi za kanban, zinazoonyesha kifaa kinapokaribia kuisha, nitazigusa tu. Ni nzuri. Muuguzi asitembee wodi tatu akitafuta mashine ya presha, na glavu zisiishe usiku wa manane. Lakini kabati safi halimtoi mgonjwa kwenye machela. Kuongeza mabenchi hakumsaidii pia: wakiingia wagonjwa 12 kwa saa, na kila mmoja akakaa saa 3 hadi atoke, ndani mna watu 36 wakati wowote. Hesabu hiyo haijali wamekaa au wamesimama. Punguza zile saa 3.

Na kama lengo lenu ni kupunguza wafanyakazi, semeni hivyo, msiite Kaizen. Hospitali ya Virginia Mason ya Seattle, Marekani, iliyoanza kutumia mfumo wa Toyota mwaka 2002, iliahidi kwamba hakuna atakayepoteza ajira kwa sababu ya maboresho, na ikampa kila mtumishi haki ya kusimamisha kazi anapoona mgonjwa yuko hatarini. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Mtu anayehofia kibarua chake hatakuonyesha hatua isiyo na maana katika kazi yake mwenyewe, na hatamzuia bosi wake mlangoni mwa thieta.

Kuna mashaka ninayobaki nayo, na wakufunzi hawayasemi darasani. Tafiti nyingi za mbinu hizi hospitalini zinalinganisha kabla na baada ndani ya idara moja, bila idara nyingine ya kulinganishia, na zinafuatilia kwa muda mfupi. Zinaonyesha kusubiri kumepungua. Kwamba vifo vimepungua ni madai makubwa zaidi, na ushahidi wake ni mwembamba. Nimeona pia maboresho mazuri yakiyeyuka matroni alipohamishwa, na sina hakika kama tuliboresha mfumo au tulikuwa tunaishi kwa nguvu za mtu mmoja.

Shaka ya pili ni nafasi yenyewe iachwe kiasi gani. Watu wanaishika 85% ya vitanda kuwa na wagonjwa kama sheria. Namba hiyo ilipata nguvu kutokana na utafiti wa kuiga kwa kompyuta uliochapishwa Uingereza mwaka 1999, uliohusu wagonjwa wa dharura, na haikukusudiwa kila wodi. Wodi kubwa inaweza kujaa zaidi ya hapo bila kukwama. Wodi ndogo ya vitanda vinane inakwama mapema, kwa sababu wagonjwa wawili wasiotarajiwa ni robo ya nafasi yote. Kwa hiyo nikidaiwa namba moja ya hospitali nzima, siitoi.

Ninachodai mimi ni kuandikwa nyakati mbili kwa kila mgonjwa anayeondoka: saa ruhusa ilipoandikwa, na saa kitanda chake kilipokuwa kimesafishwa na kutandikwa kwa ajili ya mwingine. Ya kwanza mara nyingi imo kwenye faili. Ya pili karibu kila mahali haiandikwi popote. Wekeni safu yake kwenye daftari la wodi, muuguzi aiandike kwa mkono wiki mbili mfululizo, kabla hamjagusa ratiba ya zamu ya mtu yeyote.