Kulipwa kwa kilo si garantii ndefu: kwa watengenezaji wa mashine za kubangulia korosho

Kila msimu wa korosho ukikaribia, wenye karakana wa Mtwara, Masasi na Newala wanaofikiria kumwekea mbanguaji mashine na kulipwa kwa kila kilo anayobangua, badala ya kumuuzia, wanarudia lile lile: "Huduma hiyo ni garantii ndefu tu. Fundi ninaye, nitapandisha bei kidogo." Jamani, hapana! Garantii inahusu chuma: beringi imekufa, fremu imepasuka, unabadilisha, basi. Ukishakubali mbanguaji akulipe kwa kilo, umeahidi karanga nzima, yaani kiini cha korosho kisichovunjika, na uzima huo hautoki kwenye mashine yako peke yake.

Chukua kisu. Nafasi yake hupangwa kwa saizi moja ya korosho. Mteja akiona uvivu kuchekecha, akamimina kubwa na ndogo pamoja, kubwa zinakatwa hadi ndani na ndogo zinapita bila kufunguka. Akizitoa kwenye mvuke na kuzibangua zingali moto, ganda bado ni laini, linang'ang'ania, karanga inatoka vipande. Simu inapigwa: "Mashine yenu mbovu." Fundi anapanda kutoka Mtwara mjini hadi Newala, anakuta kisu hakina kasoro, tatizo ni maandalizi ya korosho ghafi. Nauli analipa nani? Mkataba usiposema, utalipa wewe, safari baada ya safari.

Kwa hiyo andikeni habari za ghafi kabla ya habari za mashine. Unyevu usizidi asilimia 10, upimwe kwa mita pande zote mbili zikiwapo. Saizi zitajwe. Kisha kila bechi ikishapoa, toeni sampuli ya kilo 1, ibanguliwe kwa mkono, mpime nzima na vipande, mtie sahihi kwenye daftari moja. Mashine ilinganishwe na sampuli hiyo. Bila hivyo mtabaki kubishana kwa maneno matupu, na mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda.

Spea ni jambo jepesi: visu, springi, mkanda na beringi vikae kwa mteja, vimehesabiwa. Mafuta ya ganda yanakula chuma, basi usafi wa kila jioni uwe sharti.

Fedha ndiyo inayowaangusha wengi. Mashine ikiuzwa, pesa inaingia mara moja. Kwa kilo inadondoka kidogo kidogo, huku mkopo wa mota na chuma unadai tangu mwezi wa kwanza. Ghafi ikiisha mteja anafunga, lakini fundi bado anataka mshahara. Weka ada ya chini ya kila mwezi, abangue asibangue.

Linalonisumbua ni kisu kinacholika taratibu huku unyevu nao uko ukingoni. Vipande vikiongezeka, kosa la nani? Sina kanuni safi. Naegemea kugawana gharama nusu kwa nusu, ingawa najua mteja mzembe atanufaika nayo. Asiyekubali daftari la sampuli kabisa, muuzie mashine kwa bei kamili na garantii ya kawaida.