Je, Wajua kwa Nini Balbu Kali Zaidi Yaweza Kukupunguzia Uoni Usiku?

Mwendesha pikipiki anatoa balbu ya halojeni na kuweka ya LED, nyeupe pee, yenye maelfu ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) yaliyoandikwa kwenye boksi. Anawasha. Ardhi iliyo mbele ya tairi inang'aa kama mchana, na anaamini kazi imekwisha. Baada ya hapo mambo mawili yanaanza kutokea. Madereva wanaokuja mbele yake wanampigia fulu (taa za mbali) kila mara, ingawa yeye ameshusha taa. Na shimo lililo mita 60 mbele linamfikia kwa kushtukiza vilevile, pengine kuliko zamani.

Balbu ni kali kweli, boksi halikudanganya sana. Tatizo ni kwamba umbali utakaoona unaamuliwa kwanza na mahali mwanga unapoangukia. Wingi wake unafuata baadaye. Ukilielewa hilo, utajua nini cha kubadilisha kwenye taa ya pikipiki, nini cha kuacha, na kwa nini kazi iliyo muhimu kuliko zote mara nyingi haihitaji balbu mpya.

Kikombe kidogo ndani ya balbu

Tuchukue balbu ya halojeni iitwayo H4, iliyoanza kutumika mwaka 1971 na ambayo bado imo kwenye pikipiki nyingi. (Zile ndogo hutumia ndugu yake, HS1, ya wati 35.) Ndani ya H4 mna nyuzi mbili. Uzi wa fulu, wati 60, unakaa kwenye kitovu cha reflekta, yaani kile kibakuli kinachong'aa nyuma ya kioo. Uzi wa taa ya chini, wati 55, unakaa mbele kidogo ya kitovu hicho, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinazuia mwanga usifike nusu ya chini ya reflekta. Unaogonga nusu ya juu hurushwa mbele huku ukishuka, na ndiyo maana taa ya chini iliyo nzima huchora mstari ukutani: chini ya mstari mwanga, juu yake giza. Mstari huo ndio unaomlinda anayekuja mbele yako.

Reflekta nzima imepigiwa hesabu kwa ajili ya uzi mwembamba wa milimita chache, ukiwa mahali pamoja pasipobadilika. Uzi ukisogea hata kwa chini ya milimita moja, mchoro wa mwanga barabarani unaharibika.

Sasa weka LED mahali pale. Chipu zake ni bapa, zimebandikwa pande mbili za kibati, na unene wa kibati hicho tayari umezitenga na pale uzi ulipokuwa. Mwanga hautoki kuzunguka pande zote kama kwenye uzi. Reflekta haina njia ya kujua hayo. Inarusha kila mwale kama ilivyoumbwa kuurusha. Matokeo yake sehemu moja inapanda juu ya mstari na kuingia machoni mwa watu, nyingine inamwagika karibu na tairi, na kile kiini cha mwanga kilichopaswa kwenda mbali kinadhoofika. Lumeni zipo, ila zimetawanyika ovyo.

Si kila balbu ya LED ni mbaya hivyo. Zipo zilizotengenezwa kwa kibati chembamba sana, chipu ndogo zinazoiga urefu wa uzi, na kikombe kama cha H4. Hizo zikifungwa sawasawa, chipu zikitazama kushoto na kulia, huchora mstari unaokubalika. Hata hivyo nchi nyingi haziruhusu LED kwenye taa iliyoidhinishwa kwa halojeni. Ujerumani ilianza kuruhusu baadhi ya balbu hizo mwaka 2020, tena kwa aina za vyombo zilizotajwa moja moja baada ya kupimwa. Utaratibu huo naukubali kabisa, kwa sababu balbu ile ile inaweza kufaa kwenye reflekta moja na kuwa hatari kwenye nyingine.

Jicho nalo lina sheria zake

Jicho la binadamu huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu. Ukijaza mwanga mkali mita tano mbele ya tairi, mboni inasinyaa na jicho linajipanga kufuata mwanga huo. Kile kilicho mbali, kinachopokea mwanga kidogo, kinazama gizani. Kwa hiyo ile ardhi inayong'aa mbele ya tairi, inayompa mwendeshaji faraja kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye taa yake mpya, ndiyo inayomnyima kuona mbali. Tena kitu kilicho mita tano mbele hakina msaada: ukikiona, tayari uko juu yake.

Umbali nao ni mgumu kuununua. Kitu kilicho mita 60 hupokea robo tu ya mwanga ambao kingepokea kikiwa mita 30. Maana yake ni kwamba ukizidisha mwanga mara mbili, umbali unaoongezeka ni asilimia 40 hivi, na hapo mwanga wote uwe umeelekezwa panapohusika.

Linganisha na breki. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Ukitumia sekunde moja na nusu kuona na kukamata breki, kisha breki nzuri kwenye lami kavu, utasimama baada ya mita 48 hivi. Kwa kilomita 80 ni takriban mita 74. Kwa kilomita 100 zinapita mita 100. Mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi, taa ya chini ya kawaida inaweza isimwonyeshe mpaka uwe mita 50 kutoka kwake, au chini ya hapo. Ni hesabu inayotisha, na inafaa itutishe.

Kuhusu rangi, halojeni ina joto la rangi (kipimo cha unjano au ubuluu wa mwanga) la kelvini 3,200 hivi, njano kidogo. LED nyingi za bei rahisi ni kelvini 6,000 na zaidi, zenye ubuluu. Mwanga wa buluu huwakera zaidi wanaokuja mbele. Ningechagua kati ya 4,000 na 5,000. Na zile halojeni zilizopakwa rangi ya buluu ili zifanane na LED, ziache kabisa: ile rangi inafanya kazi ya kuuzuia mwanga.

Mwanga unaopotelea kwenye waya

Kabla ya kununua chochote, pima umeme. Mwanga wa halojeni hauporomoki sawasawa na volti. Unaporomoka kwa kasi zaidi. Volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Balbu hizi hupimwa kiwandani kwa volti 13.2, na pikipiki yenye waya wa siku nyingi inaweza kuifikishia chini ya 12. Mwenye pikipiki anasema taa za aina hii ni dhaifu tangu kutengenezwa, kumbe theluthi ya mwanga wake inaishia njiani.

Kipimo chake ni rahisi. Washa injini, ivute mafuta kidogo, washa taa. Kwa maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye miguu ya balbu yenyewe, taa ikiwa inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, tafuta mahali inapopotelea. Wenye makosa kwa kawaida ni swichi ya usukani, ambayo umeme wote wa taa hupitia kwenye vibati vyake vidogo. Soketi iliyobadilika rangi kwa joto. Na ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi, iliyoshika kutu. Safisha kwanza. Isipotosha, funga rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Swichi itabaki na kazi ya kuamsha rilei tu, na umeme wa taa utatoka kwenye betri moja kwa moja kupitia fyuzi iliyo karibu na betri na waya mnene. H4 inavuta kama ampea 5, kwa hiyo fyuzi ya ampea 10 inatosha. Utahitaji rilei mbili, moja ya taa ya chini na moja ya fulu. Kwenye mguu namba 30 unaingia umeme wa betri, 87 unaenda kwenye balbu, 85 na 86 ni vya kuamsha.

Kuna onyo hapa kwa wenye pikipiki ndogo. Nyingi, hasa za muundo wa zamani, hazichukui umeme wa taa kwenye betri. Zinauchukua moja kwa moja kwenye koili ya magneto (mtambo unaozungushwa na injini kuzalisha umeme), ukiwa umeme geu (AC). Utazijua haraka: ukiachia mafuta taa inafifia, ukivuta inakolea. Kwenye mfumo huo LED ya kawaida itapepesa au itakufa mapema, na rilei ya betri itamaliza betri ambayo haikupangiwa mzigo huo. Ni lazima kwanza fundi abadilishe mfumo, pamoja na regyuleta (kidhibiti cha volti), taa iende kwenye betri.

Jambo ambalo sitamshauri mtu ni balbu ya wati 100. Soketi inayeyuka, swichi inaungua, na reflekta inababuka ule mng'aro wake, baada ya hapo hakuna balbu itakayoiokoa.

Pima taa ukutani

Weka pikipiki mita 10 kutoka ukutani kwenye sakafu iliyonyooka, tairi zikiwa na upepo sahihi, wewe ukiwa umeikalia. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini. Mstari wa taa ya chini unapaswa kugonga ukuta sentimita 10 chini ya urefu huo, yaani mshuko wa asilimia moja. Taa iliyo sentimita 80 juu ya ardhi, ikishuka hivyo, itaigusa barabara mita 80 mbele.

Sasa mpandishe abiria. Shokomzoba za nyuma zikibonyea sentimita 4 kwenye pikipiki yenye mita 1.3 kati ya ekseli mbili, pua inainuka kwa asilimia tatu. Mstari uliokuwa unashuka kwa asilimia moja sasa unapanda kwa asilimia mbili, na kwenye ule ukuta utakuwa umeruka sentimita 30 juu. Barabara yako imeingia giza, na mwanga wako wote uko machoni mwa wenzako. Anayebeba mtu au mzigo kila usiku arekebishe taa akiwa na uzito huo, au akaze springi za nyuma kabla ya kuondoka. Skrubu ya kurekebishia ipo karibu kila pikipiki na haigharimu kitu. Naiweka mbele ya balbu yoyote ile.

Kioo pia. Plastiki ya taa hugeuka njano kwa jua. Shirika la madereva la Marekani, AAA, lilionyesha mwaka 2018 kwamba taa zilizochakaa hivyo zaweza kutoa asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Msasa laini wa maji, dawa ya kung'arishia, kisha mpako wa kuzuia miale ya jua, vinarudisha sehemu kubwa. Kioo cha helmeti chenye mikwaruzo au giza kina dhara lile lile.

Hayo yakiwa sawa na bado unataka mwanga zaidi, chaguo langu la kwanza ni halojeni bora ya wati zile zile za kiwanda, ambayo uzi wake umesukwa kwa usahihi zaidi. Itaangaza vizuri ila itaishi muda mfupi. Usiiguse kwa vidole, mafuta ya ngozi huifupishia maisha. Chaguo la pili, ghali lakini bora, ni kubadilisha taa nzima, reflekta na lenzi zake zikiwa zimeundwa kwa LED tangu mwanzo na zina alama ya idhini, E ndani ya duara. Hakikisha imetengenezwa kwa upande wa barabara mnaoendeshea, maana taa nyingi huinua mwanga upande wa ukingo, na ukikosea utauinua upande wa wanaokuja.

Kona ndiyo mahali ambapo hata taa nzuri inashindwa. Pikipiki ikilala kushoto, mstari wa mwanga nao unalala kushoto, na mwanga wa upande wa ndani wa kona unafupika pale pale unapotaka kutazama. BMW K 1600 GT ya mwaka 2011 iliweza kuagizwa na taa inayojisawazisha kadiri pikipiki inavyolala, na baadaye wengine wakaweka taa ndogo za pembeni zinazowaka zenyewe konani. Asiye na mitambo hiyo anaweza kufunga jozi ya taa za ziada zenye mwanga mpana, chini ya taa kuu, zikitazama nje kidogo, zenye swichi yake ili azizime anapokuja mtu.

Kabla ya kuzifunga, hesabu wati ambazo magneto inazalisha na zile ambazo tayari zinatumika. Ukishazifunga, washa kila kitu na pima betri kwenye mwendo wa kawaida wa injini: volti 13.5 hadi 14.5 ni salama. Zikikaa chini ya 12.8, unaendesha kwa akiba ya betri, na taa hizo ni kubwa mno kwa pikipiki hiyo.