Kuku wa mayai akitoka kizimbani hajaisha: mambo tunaaminiaga hapa Goma na vile iko kweli

Kuku wa mayai akifikisha kama wiki 72 mpaka 80 anatolewa kizimbani, anauzwa bei ya chini, na hapa Goma ukiuliza mtu yeyote atakuambia huyo ameisha, ni wa sufuria tu. Haiko kweli. Huyo kuku iko na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi tu, na kuku anaweza kuishi miaka 5 na kupita, chenye kimebadilika ni hesabu ya mfugaji: alikuwa anataga karibu kila siku, sasa anataga mayai 4 ao 5 kwa wiki, na kwa mtu mwenye kulisha kuku elfu moja hiyo ni hasara, lakini kwa familia yenye kuku watatu nyuma ya nyumba ni mayai mengi sana jamani.

Wengine wanasemaga hao kuku wanadungwa homoni ndio maana wanataga hivyo. Hapana. Ni mbegu yao, watu wamechagua miaka na miaka kuku wenye kutaga kupita wengine mpaka ikatoka mbegu kama Isa Brown na Lohmann, karibu mayai 300 kwa mwaka, wakati kuku wa porini wa Asia, mwenye kuku wote wa nyumbani wametoka kwake, anatagaga 10 ao 15 tu. Changanya na chakula kizuri na taa. Na juu ya mbegu hiyo hiyo sitakudanganya, si wote wataishi muda mrefu, mwili wao unafanya kazi kubwa na wengine wanakufa kwa magonjwa ya mayai kuharibikia tumboni hata ukiwatunza vizuri.

Hiyo mambo ya taa ndiyo inawachanganyaga watu sana. Unamleta nyumbani, siku chache ameacha kutaga, jirani anasema unaona nilikuambia. Kumbe kule alipotoka balbu ziliwaka mpaka masaa 16 kwa siku, na hapa kwetu karibu na ikweta jua linatupa kama masaa 12 mwaka mzima, mwili wake unasoma mwanga umepunguka, anapumzika, anabadilisha manyoya, kisha wengi wanarudilia kutaga. Mpe muda.

Sasa mifupa, na hapa naomba usome polepole. Tumezoea kubeba kuku kwa miguu kichwa chini, ao kumfunga miguu na kumning'iniza kwenye pikipiki kutoka soko la Virunga mpaka Ndosho, na watu wanaamini kuku haumii. Huyu wa kizimba anaumia na anavunjika. Kila ganda la yai linabeba kama gramu 2 za kalsiyamu, ikikosekana kwenye chakula mwili unaitoa kwenye mifupa, tena hajawahi kutembea wala kuruka, kizimba cha zamani kilimpa nafasi ndogo kuliko karatasi moja ya A4, sa hiyo mifupa itapata nguvu wapi? Mbebe kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamefungwa kwenye mwili, muweke ndani ya karto yenye matundu. Kijiti cha kulalia kiwe chini kabisa, sentimita 20 ao 30, akiruka kutoka juu anaweza kuvunja mfupa wa kifua. Na mawe yetu ya volkano yenye makali yatamkata nyayo, hizo zimezoea nyaya tu, tafuta udongo ao maranda umwage pale atakaa.

Juu ya mawe hayo, kuna wenye wanaamini kuku akidonoa changarawe ya volkano amepata kalsiyamu. Vijiwe vinasaidia firigisi kusaga chakula, sawa, lakini ganda haviwezi kujenga. Anahitaji chakula cha kuku wa mayai chenyewe, chenye kalsiyamu asilimia 3.5 mpaka 4, kama gramu 110 ao 120 kwa siku, na pembeni maganda ya mayai ao jiwe la chokaa la kusagwa. Ile chokaa ya kupaka ukutani usijaribu, inaunguza. Waombe maganda wale wenye kuuza mayai ya kuchemsha jioni, yakaushe kwenye moto, yaponde vizuri, eti yatamfundisha kula mayai yake, hapana, akiona ganda zima ndiyo hatari, la kupondwa hatambui. Na umpe jioni, juu ganda linajengwa karibu masaa 20 na sehemu kubwa ni usiku.

"Kuku anakulaga kila kitu." Hii imeua kuku wengi kwenye kartie zetu. Ngozi na mbegu ya avoka zina sumu. Maharagi yenye hayajapikwa yana sumu. Mahindi yenye ukungu, hata ukiyachambua, yanaharibu maini. Wengi wa kizimbani pia wamekatwa mdomo, hawawezi kuokota mbegu moja moja chini, mpe chakula cha kusagwa kwenye chombo chenye kina. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kavu kidogo, isiyo na chumvi, inamfaa sana wakati manyoya yanaota, manyoya karibu yote ni proteini.

Na kutokuwa na manyoya haimaanishe ni mgonjwa. Yamesuguliwa na nyaya na kudonolewa na wenzake, yatarudi. Mkinge na mvua na baridi ya usiku, usimvishe kitambaa, kinamzuia kujisafisha. Muwekee majivu ya makala yaliyopoa kabisa yakichanganywa na udongo mkavu, hata hajawahi kuona udongo atajilaza na kujipaka, na wadudu wa ngozi watapunguka. Kuona hiyo mara ya kwanza, kwa kweli inagusa roho.

Ila kumfungulia parsele, kiwanja cha nyumba, yote siku ya kwanza si huruma. Hajui mbwa, hajui usiku ni wa kuingia ndani, atalala pale giza limemkuta. Muanzishe nafasi ndogo, mwingize mwenyewe kila jioni mpaka azoee.

Jogoo si lazima, mayai yanatoka bila yeye, hayaangui tu.

Ya mwisho, wanasema wa kizimba wamechanjwa, hawana shida. Chanjo ya Newcastle, ugonjwa wenye wengine wanaita kideri, inapunguka nguvu, inarudiliwa kila miezi kama 3. Tena kuku mwenye chanjo anaweza kubeba virusi bila dalili na kuvipatia wa kienyeji wenu wenye hawana, na hao watakufa. Chanja wa kienyeji wiki 2 mbele ya kuleta mgeni, na mgeni akae peke yake wiki 2 pia. Na kama chanjo ni ya kunywa, maji yetu ya ziwa tunayowekaga klori yanaiua, yachemshe, yaache yapoe, weka gramu 2 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita moja, ndipo uchanganye chanjo, na wainywe yote ndani ya masaa mawili.