Mnara wa Simu Mtaani: Kabla Hujasaini Orodha ya Kuupinga

Miezi ya karibuni barua za wananchi wanaotaka minara ya simu iondolewe mitaani mwao zimeongezeka. Nyingi zinafanana: zimeandikwa kwa mkono, zimeambatanishwa na karatasi ya majina na saini, na mstari wa kwanza unataja saratani. Sisi tunaopima mionzi ya minara tunazisoma zote. Lakini tukifika na vipimo vyetu, mara nyingi tunakuta mwananchi anaogopa kilicho mbali naye, na kilicho sikioni mwake hajakiulizia.

Chukua nyumba moja tuliyoitwa. Mama mwenye nyumba alitupokea uani, akanyoosha kidole kwenye mnara ulio nyuma ya ukuta wa jirani. Tukasimamisha kipimo juu ya stendi ya miguu mitatu, usawa wa kifua, tukakiacha kisome kwa dakika 6 bila mtu kusogea. Kikomo cha kimataifa cha mawimbi ya simu kwa wananchi, kwenye masafa ya megahezi 900, ni wati 4.5 kwa kila mita ya mraba. Kwenye megahezi 1800 ni wati 9. Pale uani kipimo kilisoma sehemu ndogo sana ya kiwango hicho. Kisha tukaingia chumba cha ndani, kisicho na dirisha, ambako mtandao unashika kwa shida. Binti wa nyumba akampigia baba yake, simu ikiwa karibu na kipimo. Namba zikapanda palepale, zikapita za uani kwa mbali. Mama akauliza, "Sasa huo ndio mnara?" Nikamjibu, hapana mama, hiyo ni simu ya binti yako.

Simu na mnara huitikiana. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona; ukiwa mbali, au ukuta ukiwa mnene, simu hupaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Simu ya 2G, ule mtandao wa kizazi cha pili, inapojitahidi hufika wati 2 kwa kilele, nayo imegusa sikio. Mnara una nguvu kubwa kuliko simu, hilo ni kweli, lakini uko makumi ya mita kutoka kwako, na umbali ukiongezeka mara mbili nguvu inayokufikia hubaki robo. Tena antena hutupa mawimbi mbele yake, kama tochi iliyoelekezwa mbali. Aliye chini ya mnara hayuko kwenye mkondo wake. Kwa hiyo mtaa unaoufukuza mnara unazilazimisha simu zake zipaze sauti, na anayepokea sauti hiyo ni kichwa chako na cha mwanao. Naomba hili lieleweke kwanza.

Neno "mionzi" nalo limetuponza. Picha ya eksirei ni mionzi, mwanga wa jua ni mionzi, mawimbi ya redio ni mionzi, na watu wanayaweka yote kapu moja na urani, madini ya nyuklia. Mawimbi ya simu ni mionzi isiyoayonisha: hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi za mwili. Madhara yaliyothibitishwa ni kupasha joto. Kwa mwili mzima, kiwango kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa madhara ni wati 4 kwa kila kilo ya mwili. Kikomo cha wananchi kimewekwa mara 50 chini yake, yaani wati 0.08. Kwa kichwa pekee, kikomo ni wati 2 kwa kilo.

Sasa, ile taarifa inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "WHO imekiri simu zinaleta saratani." Mwezi Mei 2011, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO (Shirika la Afya Duniani), yaani IARC, lilikutana Lyon, Ufaransa, na kuyaweka mawimbi haya kundi la 2B, maana yake huenda yakasababisha saratani. Makundi hayo yanapima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Kundi hilohilo lina mboga za kuchachushwa za kienyeji za Asia. Mwaka 2024 ulichapishwa uchambuzi mpana wa tafiti ulioagizwa na WHO yenyewe, nao haukukuta uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Utafiti wa panya wa Marekani uliotolewa 2018 ulionesha uvimbe kwenye mioyo ya panya dume, na hatuufichi. Panya wale walipigwa mawimbi mwili mzima saa 9 kwa siku, kwa viwango vinavyofika wati 6 kwa kilo. Utafiti unaendelea, nasi hatutasema suala limefungwa. Ila kutoka hapo hadi kukata nyaya za mnara, kama Uingereza walivyochoma minara mwaka 2020 kwa uvumi wa 5G na korona, ni uhalifu. Na anayesambaza taarifa anayojua ni ya uongo ajue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inamhusu.

Viwango husimamiwa pia kwenye simu zenyewe. Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 baada ya kupima wati 5.74 kwa kilo, simu ikiwa imeshikwa mkononi au mfukoni, wakati kikomo cha sehemu hizo ni 4. Apple ikarekebisha programu. Simu bandia haina wa kuirekebishia. Bonyeza *#06#, upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uitume kwenda 15090 kabla hujalipa. Stika za "kuzuia mionzi" usinunue. Ikiziba antena kweli, simu itapaza sauti zaidi. Tumia spika au waya wa masikioni. Mtandao ukiwa chini, tuma ujumbe.

Ukiwa na malalamiko, anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha andika barua yenye mambo haya: mahali mnara ulipo, jina la kampuni na namba ya mnara kama zilivyo kwenye kibao cha getini, umbali hadi nyumbani kwako, tarehe tatizo lilipoanza, na tatizo lenyewe ni lipi. Mionzi: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ofisi ya kanda. Kelele za jenereta, moshi na mafuta kumwagika: Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Kibali cha ujenzi: halmashauri. Huduma ya mtandao: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Barua moja ikichanganya yote huzunguka ofisi nne bila mwenyewe. Na malalamiko ya jenereta inayonguruma usiku kucha yana haki kabisa. Yaandikeni hivyo, msiyavishe saratani. Wataalamu wa mazingira wakija kuwahoji kabla ya ujenzi, soma karatasi ndipo usaini. Tumeshaoneshwa saini za walalamikaji walewale zikiwa zimeukubali mnara.

Wanaonitia wasiwasi hasa ni wapaka rangi na mafundi wa mabati kwenye majengo yenye antena juu ya paa. Mita chache mbele ya antena inayofanya kazi kikomo huweza kuvukwa, na mwili hauoni chochote. Fundi asipande kwa maneno ya mlinzi. Kampuni ipigiwe, izime, ithibitishe kwa maandishi kwamba imezima, na fundi ajulishwe kabla ya antena kuwashwa tena.