Ekseli ya gari kuukuu: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Dhana: Ekseli yenye ufa huchomelewa, ikarudi kazini.

Ukweli: Nguvu ya ekseli iko kwenye tabaka gumu la nje, unene wa milimita chache tu, linalopatikana kiwandani kwa kuchoma chuma na kukipoza ghafla. Moto wa kuchomelea hulilainisha tabaka hilo, na kando ya weldi chuma huwa kikavu, chepesi kuvunjika, ufa mwingine ukaanzia hapohapo. Kwenye magari mengi madogo yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ekseli ndiyo inayobeba uzito. Ikikatika, hutoka na tairi lake. Ufa ni ekseli nyingine, basi.

Kagua na meno ya mwisho wa ekseli pia. Laza rula sambamba na ekseli: meno yakienda mshazari, chuma kimeshasokoteka na hakinyooshwi.

Dhana: Oili ikivuja gurudumuni, sili mpya (pete ya kuzuia oili) inamaliza kazi.

Ukweli: Pitisha ukucha kwenye ekseli, mahali sili inapokaa. Ukikwama kwenye mfereji, hata sili ya bei mbaya itavuja. Vika hapo bomba jembamba la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo (unene wake ni kama milimita 0.28, kwa hiyo saizi ya sili haibadiliki). Halafu zibua tundu la kupumulia la difu (sanduku la gia linalozungusha ekseli). Likiziba kwa tope, joto hujenga presha ndani na oili husukumwa ipite kwenye sili nzima kabisa. Wengi hulisahau.

Dhana: Kelele ikitokea, beringi mpya inatosha.

Ukweli: Baadhi ya beringi za rola hazina pete ya ndani, rola hukimbia juu ya ekseli yenyewe. Ekseli ikiwa na vishimo, beringi mpya haidumu.

Dhana: Pete inayobana beringi hukatwa kwa gesi.

Ukweli: Gesi huharibu ugumu uleule wa nje. Vaa miwani, toboa pete kwa drili karibu unene wake wote bila kugusa ekseli, kisha ipasue kwa tindo. Usiirudishe, weka mpya.

Wakati wa kuunga, sahani ya kufungia beringi itangulie kwenye ekseli. Kisha presi beringi peke yake hadi ikae, ndipo pete ifuate, zisisukumwe pamoja. Ukiisahau sahani, itabidi uing'oe beringi, na beringi iliyong'olewa kwa nguvu hairudishwi.